Kulisha Maji Matupu

Kijiji cha Makote,
S.L.P. 57,
Newala.
20 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Reginald,

Marahaba, maana najua hata huko Mwanza ukiiona hati yangu unaniamkia. Kifua chako kimepoa? Mkeo Yuster na watoto, hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tuko wazima, ila mvua bado na bomba halijatoa tone tangu mwezi wa tisa. Maji tunayafuata bondeni. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo kazi.

Barua hii naiandikia jikoni, asubuhi. Leo ni siku ya tisa. Nitakueleza siku ya tisa ya nini, kwa sababu mengine nilikuficha.

Lile sanduku la kioo ulilotuma mwezi wa saba lilifika zima. Unajua kwa nini ulilituma. Shemeji yako Barnaba, tangu kiwanda cha korosho kifungwe, alikuwa analala chumbani uso ukutani. Fundi mitambo aliyefanya kazi miaka kumi na tisa, hasemi. Ukimwuliza kama anataka uji anaitikia kwa kichwa. Ulisema tumwekee kitu kinachotembea mbele ya macho yake. Ukaandika pia, tena ukapigia mstari, tusiweke samaki mapema.

Mdogo wangu, sikukutii. Mawe niliyasugua kwa sabuni ya kufulia ili yang'ae, nikajaza maji, na jioni ileile nikatia perege wachanga watatu. Aliwaleta Bwanali, dereva wa lori la hawa wanunuzi wapya wa korosho, kutoka kwenye bwawa moja kule Ndanda. Barnaba aliamka. Kweli aliamka. Alitafuta tyubu kuukuu ya lori, akaiunganisha na mpira wa dripu, akawa anaijaza kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni ili hewa ipande majini taratibu, povu kwa povu. Siku ya tisa tukawakuta wote watatu wanaelea ubavu. Aliifungua tyubu, hewa ikatoka yote, akarudi ukutani.

Nami nikakuandikia kwamba samaki ni wazima. Nimeshatubu kwa Mungu, ilibaki kwako. Nisamehe.

Ndipo nikaisoma upya barua yako, tena kwa sauti, nimekaa kitandani pembeni yake, ingawa sikujua kama anasikia. Kwamba uchafu wa samaki wenyewe hugeuka sumu majini. Kwamba kuna vidudu visivyoonekana vinavyoila sumu hiyo, lakini lazima viachwe viongezeke kwanza, wiki tano au sita, na vyenyewe vinataka kulishwa. Basi nikasuuza mawe kwa maji tu mpaka sabuni ikaisha, nikaweka na ile sifongo uliyotuma, nikalijaza sanduku maji ndoo mbili. Kila asubuhi nikawa nadondosha unga kidogo wa dagaa kwenye maji yasiyo na samaki. Hewa nilijaza mwenyewe.

Siku moja Anjelina, Mama Dastani wa nyumba ya pili, alikuja kurudisha ungo akanikuta nadondosha.

"Mama Julia, unalisha nini?"

"Maji."

"Siku hizi maji yanakula?"

"Kuna vidudu ndani, ila havionekani."

Ningenyamaza tu. Kufika Jumapili kanisa zima linajua kwamba Mama Julia anafuga visivyoonekana, tena ndani ya ndoo mbili za maji, wakati watu wanaoga kwa kikombe. Zamu yangu ya kuongoza sala ya akina mama akapewa mwingine. Kule kisimani bondeni naulizwa, "Wageni wako wameshiba leo?" Wengine wanacheka. Wasiocheka wanasogeza ndoo zao mbali na yangu, na hao ndio walioniumiza.

Padri alikuja, akachungulia kwenye kioo, akasema kwa upole, "Mimi nakuamini, mama. Lakini watu wamekaukiwa. Jumapili ijayo nisikie yamemwagwa." Zilikuwa zimebaki wiki mbili vile vidudu vitimie. Nililia, Reginald. Nikimtii Padri, namwacha mume wangu ukutani.

Alhamisi yake Anjelina alikuwa anachoma korosho nyuma ya nyumba. Unayajua mafuta ya yale maganda yakishika moto. Ulimi uliruka ukashika nyasi za paa la jiko, na jiko limegusana na nyumba, na ndani amelala mama mkwe wake asiyeweza kutembea. Mitungi ya majirani wote mitupu. Nikamsikia anaita, "Mama Julia, maji yako!"

Sikuwaza. Nilichota ndoo moja, nyingine, mpaka nikakwangua. Jiko liliteketea, nyumba ikapona. Bibi alitolewa salama, ila ananuka dagaa mwili mzima na kuuliza nani amepika.

Niliporudi nilikaa mbele ya kile kioo kikavu nikasema basi, wiki nne zimekwenda, Mungu ameamua. Kisha nikaona ndani hata mawe hamna. Nikaenda chumbani. Barnaba amepiga magoti sakafuni. Mawe yote na sifongo viko kwenye sufuria yangu kubwa, ndani ya maji kidogo yaliyosalia chini ya kioo, na mpira wa dripu unatoa povu. Hakuniangalia. Akasema, "Vidudu viko kwenye mawe. Si kwenye maji. Ulisoma mwenyewe."

Nilikuwa nimesoma na nimesahau. Yule niliyedhani hasikii ndiye aliyekuwa anasikia.

Kesho yake Anjelina alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, akaitua mlangoni kwangu. "Haya, ya hao wageni wako wasioonekana." Nikamwuliza, na wewe utapikia nini? Akasema anarudi kufuata ya pili, tena nisimcheleweshe. Padri hakuuliza tena.

Vile vijikaratasi vyako vya kupimia sumu Barnaba alivikata kwa mkasi, kimoja kikawa viwili, ili visituishie haraka. Anachovya, anasubiri, kikigeuka cha waridi anatikisa kichwa. Tukaendelea kulisha maji matupu. Cha mwisho kilitoka cheupe, kikabaki cheupe. Bwanali akaleta perege wawili tu, tukauacha mfuko wao uelee kwanza kama ulivyoandika, ndipo tukawafungulia. Wakikua watarudishwa bwawani.

Leo ndiyo siku yao ya tisa. Tangu kupambazuke sijaingia sebuleni. Nimesali, nimewasha moto, nimeanza barua hii, yote ili nisiende kutazama. Yeye ameshaingia, nilisikia mlango. Kimya. Najua sauti ya ile tyubu ikifunguliwa, naisubiri. Safari hii akirudi ukutani sina tena cha kumwamshia.

Ngoja.

Ni pampu, Reginald. Anajaza hewa. Nahesabu, kumi na tisa, ishirini, bado anaendelea. Mtu hapigi pampu kwa ajili ya samaki waliokufa.

Nimekwenda nimewaona. Mmoja anachokoa kwenye mawe, mwingine yuko karibu na povu. Barnaba ameniambia nisogee, nawazibia mwanga.

Msalimie sana Yuster, na Christopher na Alfredi, waambie shangazi yao anawaombea kila jioni. Julia wa Masasi anakusalimu, anakuja Krismasi. Anjelina naye amesema nikusalimu, ingawa hakujui. Mungu aliyetuona sisi huku akutazame na wewe huko, wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye, leo kuliko jana,
dada yako Mabel

Shem, vijikaratasi vimekwisha. Tuma. Barnaba.