Kazi ya Mama: Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Ghala la lile duka la mtandaoni wanasema hawayaoni. Mashuka ya watoto sitini na mawili! Niliyapeleka mwenyewe wiki tatu zilizopita, maboksi mawili, karani akagonga muhuri mbele yangu. Leo nafungua simu niangalie mauzo — mzigo uliobaki: 0. Nikapiga. Yule wa huduma kwa wateja ati yanatafutwa, pole sana. Pole sana mara nne! Nimeshambatiza jina: Pole Sana.

Mama sijamwambia. Yote ameyatarizi yeye, kabla vidole havijakakamaa. Hela ya mashuka ndiyo ya upasuaji wa mkono wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mama hafichwi kitu. Ameniuliza mbona sufuria moja naiosha mara mbili. Nikamwaga yote. Ati labda wameyaweka rafu nyingine tu, mbona yeye miwani huitafuta nyumba nzima kumbe iko kichwani. Nikacheka. Nikalia.

Jumanne, 11 Machi
Wamekubali wameyapoteza. Fidia imeingia — haifiki bei ya mashuka manane!

Nimempigia Pole Sana nikiwa moto. Ati hawalipi bei ya kuuzia, wanalipa gharama ya kutengeneza, na gharama nilijaza mwenyewe siku ya kujisajili. Akanisomea fomu. Kitambaa, kiasi fulani. Nyuzi, kiasi fulani. Kazi — sifuri.

Sifuri! Na ni mimi huyu huyu. Nakumbuka vizuri, nilianza kuandika "mama", kisanduku kikakataa herufi, kinataka tarakimu. Mama simlipi, basi nikaweka 0. Nikajiona mkweli! Mjinga mkubwa mimi. Miezi saba mama kainamia sindano, nami nimeiandika sifuri kwa kidole changu.

Jumatano, 12 Machi
Rufaa ipo, siku saba. Wanataka risiti ya malipo ya fundi, yenye sahihi yake. Wifi yangu amecheka: si uandike tu, nani atajua? Nimechoka. Pole Sana mwenyewe amenong'ona kwamba tangu aajiriwe hajaona rufaa iliyokubaliwa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimenunua kitabu cha risiti. Mama yuko hapa mezani, mbele yangu. Kalamu haishikiki, nimeifunga kitambaa iwe nene. Nikamwambia ataje kiasi, mimi nijaze, yeye atie sahihi.

Ati angekuwa mtu wa kudai, angeanza na maziwa niliyonyonya. Tumecheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Kisha ameacha kucheka. Ameuliza, hebu, kama kweli ningemlipa — shuka moja ningempa ngapi?

Sijawahi kufikiria. Hata siku moja! Nimevuta daftari hili nijifanye napiga hesabu. Chai yake inapoa. Ameuliza tena.