Plagi Kwenye Kopo la Ulezi

Baba Waisiko,

Uji uko kwenye chupa. Mnyweshe ndama maji. Mama yako asiinue ndoo, mgongo unamuuma.

Plagi ya pikipiki nimeiona. Yaani ukaificha kwenye kopo la unga wa ulezi! Huo uji wa kila asubuhi unadhani unatoka wapi? Ungesema tu unaogopa kwa kuwa Tanga ni mbali, ningekuelewa. Lakini leo kuapa mbele ya mama kwamba pikipiki imekufa yenyewe!

Nimeenda Turwa, fundi abadilishe cheni. Ijumaa msafara wetu unaondoka kwenda Tanga kwenye tamasha la pikipiki, ~~nami naenda utake usitake~~ nami nimeandikisha watu wawili. Helmeti yako mpya iko uvunguni mwa kitanda tangu Jumapili.

Mimi najua kuficha.

Mama Waisiko