Bando la Saa Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimebadilisha skrini mbili na mdomo mmoja wa chaji kabla ya saa nne. Halafu Kioko akaingia dukani na droni mkononi, akasukuma simu za wateja kando kana kwamba meza ni yake. Hakuuliza kama nina nafasi ya kumsaidia kuiunda. Tulisoma naye poly, chuo cha ufundi, darasa moja, na kila mtihani nilikuwa mbele yake. Yeye akaenda Nairobi. Mimi nikabaki hapa Mukuyuni na simu za watu. Sasa amerudi na viatu vyeupe.

Kikundi cha wakulima wa maembe kule Kalamba kinatafuta rubani wa kuwaangalizia mashamba kutoka juu, aone miti inayokauka. Mmoja tu. Kazi ya kudumu. Jumamosi tunawaonyesha. Naitaka hiyo kazi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Droni ya kawaida hutumia rimoti. Ikipita kilima, mawasiliano yanakatika, basi. Yetu imebeba kompyuta ndogo ya bodi moja, haizidi kadi ya benki, pamoja na modemu yenye laini ya simu. Rubani anaweza kukaa popote penye mtandao na laptop yake.

Ilikataa asubuhi nzima. Kioko alikuwa ameunganisha waya wa kutuma na wa kutuma, wa kupokea na wa kupokea. Pande zote mbili zinaongea, hakuna unaosikiliza. Nikazipishanisha, nikachomelea upya. Dakika tano.

Mwenyekiti wa kikundi akapita jioni. Kioko akamwambia, "Nimeipata, mzee. Imekubali."

Nimeipata! Mimi nimesimama pale pale, vidole vimeungua.

Jumatano, 5 Machi

Laini ya simu haina anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Kwa hivyo Kioko amekodi seva mahali. Droni inabisha hodi huko, laptop inabisha hodi huko, zinakutana. Amefanya vizuri. Inaniuma kwamba amefanya vizuri.

Tuliirusha nyuma ya soko. Picha safi. Nikaomba laptop nijaribu. "Ngoja kwanza, Ndunge. Usije ukaiangusha." Akainamia skrini akabonyeza mambo yake, akanipa mgongo.

Mama Mwende, jirani anayeuza mboga, akaniambia, "Huyo kijana ana akili, na wewe unamwangalia tu? Si umkamate!" Nikacheka kwa meno.

Ijumaa, 7 Machi

Namwonea wivu. Nimeandika, basi. Namwonea wivu sauti yake, viatu vyake, vile mzee anamwita "injinia" na mimi "huyu msichana". Nina miaka thelathini na mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Kalamba.

Kioko aliinunulia laini ya droni bando la intaneti la saa moja, kwa sababu yale ya saa moja huja na kasi. Alilinunua saa nne kamili, akawasha kila kitu, ili wageni wakifika wakute picha kwa skrini. Ratiba ilisema kuruka ni saa nne na robo.

Ratiba ya Nairobi hiyo. Mimi mtu wa huku najua lazima tuimbe, pasta aombe, chifu asalimie, mwenyekiti amwalike katibu, katibu amwalike kiongozi wa akina mama, na kila mmoja aanze kwa kumsifu aliyemtangulia.

Pasta aliombea mvua, maembe, wasafiri, wagonjwa, na "hii ndege ya watoto wetu". Wote wamefumba macho. Mimi naangalia saa. Nne na dakika thelathini na tano, na chifu bado hajasimama. Ningenunua bando lingine kwa simu yangu, nilitume kwa laini ya droni. Au nimguse Kioko bega. Simu ilikuwa mkononi.

Nikairudisha mfukoni.

Iliruka saa tano kasoro dakika nane. Makofi. Wamama wakapiga vigelegele. Saa tano kamili picha ikaganda. Droni ikasimama hewani, kisha ikaanza kushuka yenyewe, maana Kioko aliiagiza ikipoteza mtandao itue pale pale. Pale pale palikuwa juu ya mwembe. Mkono mmoja wa droni umevunjika.

Kioko akaangalia simu yake, akaelewa. Akasema mbele ya watu wote, "Kosa ni langu. Bando limeisha. Fundi wangu hana makosa."

Nilifurahi. Kwa dakika kama mbili hivi nilifurahi kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti amepiga simu. Kazi ni yangu. Nikasema asante mzee, nikakaa chini.

Kioko akatuma nywila ya seva. "Hongera. Ingia uzoee." Nikaingia. Anayeruhusiwa kuendesha ni mmoja tu. Jina: ndunge. Limeandikishwa Jumatano iliyopita. Lake yeye ameshalifuta.

Nikampigia mwenyekiti tena, nikamuuliza kuhusu Kioko. Mzee akashangaa. "Kwani hakukuambia? Huyo anarudi Nairobi. Alisema anatuletea rubani. Alitaka ndege iruke kwanza, halafu akutaje mbele ya watu."

Nimefunga duka saa saba. Mteja amebisha, sikufungua.

Jumatano, 12 Machi

Nimepanda Nunguni, kwao Kioko. Baridi na ukungu. Nimemkuta jikoni kwa mama yake, begi limeshafungwa. Nimemwambia nikiwa nimesimama. Saa niliyoiangalia. Simu niliyoirudisha mfukoni. Yote.

Mama yake akaleta chai, akatuangalia, akatoka.

"Ungenishtua tu, Ndunge."

Tukanywa chai. Halafu akatoa laptop kwa begi, akafungua ile programu ya mazoezi, akaniwekea magotini. Akanifundisha kuipandisha, kuigeuza, kuishusha. Hakuharakisha, hakukasirika. Alisema "tafadhali" na "asante", kama anavyoongea na mteja.

Saa kumi nikaaga.