Kiti Kisicho na Wodi

Jumanne, 4 Machi 2025
Leo Kyule amenikata kauli tena. Nimesimama kuuliza swali, naye, kiranja mzima wa chama, akanong'ona kwa sauti ya kufika mpaka kwa Spika: huyu naye anawakilisha nani? Wakacheka. Hata wanawake wenzangu!

Sikuomba mtu kura, ni kweli. Baada ya uchaguzi wanaume walizidi theluthi mbili, katiba haitaki hivyo, chama kikapeleka majina ya wanawake na langu likiwemo. MCA wa kuteuliwa, mjumbe wa bunge la kaunti asiyechaguliwa na wodi yoyote. Lakini kiapo ni kilekile!

Nimekunywa maji tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kamati ya afya tumeenda kuona maternity mpya ya kaunti, ya akina mama kujifungulia, njia ya Tseikuru. Rangi safi, vitanda bado viko na nailoni. Na kufuli. Tangu mwaka juzi!

Mama mmoja, Mwongeli, ametuambia binti yake alijifungulia hapo nje, kwa veranda, mvua ikinyesha. Mtoto hakulia. Amesema bila kupandisha sauti — heri angetutukana. Kisha akaniuliza mimi: Mheshimiwa, nyinyi na serikali si kitu kimoja?

Nikamweleza. Gavana na mawaziri wake ndio wanashika kazi na pesa. Sisi bunge tuliwekwa kando makusudi, tuwaulize, hata tuwatoe. Mtu hawezi kujikagua mwenyewe.

"Basi waulizeni," akasema.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa Muthoki amekuja, tukanywa chai. Ni mwenyekiti wa kamati yetu, amechaguliwa na watu, na rafiki yangu tangu college. Ripoti iko tayari: waziri wa afya aondolewe. Lakini ameitwa na watu wa gavana. Wamemwambia ripoti ikilala, barabara ya wodi yake inaingia kwa bajeti. Na za wengine pia.

Nikamwambia, si sisi ndio tunafaa kuwachunga hao?

"Wayua, wewe huna wodi. Mimi nikirudi bila barabara watanimaliza. Watu hawapigii kura maswali."

Bajeti inaandikwa kwa gavana, sisi tunaipitisha tu — na hiyo ndiyo kamba wanayotufungia. Mimi nisiye na wodi, hawana cha kunifungia. Nikajiona mkubwa! Mpaka Kyule akapiga simu jioni. Alisema neno moja tu: chama kilichokuleta kinaweza kukurudisha.

Jumatano, 12 Machi
Ripoti ya kumwondoa waziri imeletwa bungeni, chama kikaagiza tuseme la; mimi nimepiga kura ya ndiyo. Tuliitwa jina kwa jina. Muthoki hakuja — eti mgonjwa.

Nilisimulia habari ya mtoto wa veranda. Nilikuwa sijamaliza, Spika akasema muda umeisha. Ripoti imeanguka. Walioniunga mkono ni wawili, na mmoja wao nadhani alikosea.

Nje, mzee Mulei, MCA mwenzangu, amenishika mkono. "Mwaitu, mama yetu, leo umesema ukweli." Na yeye mwenyewe amepiga kura ya la! Nimeuvuta mkono wangu.

Nimempigia Muthoki. Hashiki.

Jumatatu, 17 Machi
Niko kwa benchi, ofisi ya chama. Nangoja kuitwa na kamati ya nidhamu. Kosa langu ni kwenda kinyume na msimamo. Wakinifukuza chamani, na kiti kinakwenda. Kama kupiga kura ni kosa, bunge la nini? Si tumpelekee gavana muhuri, tukalime!

Mwongeli amepiga simu sasa hivi, sauti juu, vigelegele nyuma yake. Maternity inafunguliwa leo! Waziri mwenyewe yuko na kamera, Kyule ndiye amekata utepe. Wameambiwa ni Kyule aliyewapigania. Watu wanapewa soda.

"Na wewe Mheshimiwa, mbona sikuoni? Ama ulitusahau?"

Ningeanzia wapi? Nikamwambia tumshukuru Mungu. Na nashukuru, walahi, kuna mama atazalia kitandani usiku huu. Lakini nimeuma kidole ili nisilie mbele ya askari wa mlangoni.

Mlango umefunguliwa. Wamekaa watano. Wa katikati ni Muthoki, amevaa miwani, anasoma karatasi ambayo naona kabisa haisomi.

Wanasema niingie. Simu nizime.