Betri Iliyovimba Mezani

Wifi,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wasiguse ndoo ya mchanga kule uani, nimefukia humo betri ya kindege changu cha rimoti.

Asubuhi ulidhani nyumba inaungua. Ulikuwa ujuaji wangu tu. Nilichomeka betri ya lithiamu kwenye chaja ya betri za tochi, ukaniuliza kama zinaelewana, nami nikakujibu kwa maringo, “Chaja ni chaja, wifi.” Ikavimba kama chura. Mimi rubani nikarukia kiti nikipiga yowe. Wewe ndiye uliyeitoa nje kwa koleo, kisha ukarudi kunifutia meza. Wema ule umeniuma kuliko matusi.

Nimeenda kununua chaja ya betri za aina zote: unaichagulia aina kwanza, na betri ikijaa inajizima yenyewe. ~~Nitachukua ile kubwa yenye skrini ya rangi.~~ Najidanganya. Ndogo ya bei nafuu inamtosha mtu ambaye kindege chake hutua kwa pua kila mara.

Kuanzia leo nachaji betri uani, nikiilinda mpaka mwisho. Jioni njoo, wifi yangu. Rimoti utashika wewe.

Wifi yako mjuaji