Jiwe la Mpaka wa Shamba la Lorenz

Krähenbach, Novemba

Mwanangu Annegret,

Pokea salamu za kijiji chenye nyumba thelathini na kilima alichokisogeza babu yangu kwa jembe moja. Usicheke! Mwaka huu nimevuna kiazi kikubwa hata paka wa jirani kazalia ndani yake.

Huku ni ukungu tu. Duka la mikate limefungwa. Kati yetu watu saba tulioapa kulinda mawe ya mipaka, nimebaki mimi. Alama za siri zilizozikwa chini ya kila jiwe, za kufichua likihamishwa, nazijua peke yangu.

Jana mjane Kunigunde kanichokoza njiani: "Eckhard, bingwa wa uongo, mbona hupiti tena shambani kwa marehemu kaka yako?"

"Matope, mama."

Si matope. Kaka yangu Lorenz, baba yako, alipolazwa hospitali, nilisogeza jiwe la mpaka wetu hatua tatu ndani ya shamba lake. Aliporudi alilitazama, akanitazama, akaingia ndani. Kafa nalo moyoni.

Wazee husema mhamisha mpaka hapumziki kaburini. Hutembea na jiwe la moto mgongoni akilia, "Niliweke wapi?", mpaka aliye hai amjibu.

Nimelichimbua. Limo ndani ya toroli, na kifua changu hakina pumzi ya kungoja sana. Shamba sasa ni lako. Njoo, mwanangu, uniambie niliweke wapi.

Baba yako mdogo,
Eckhard