Mshenga wa Jimboni

Jumapili, 13 Aprili 2025

Kuta zinatoka jasho tena. Guangzhou mwezi huu ndo hivyo, unaanika shuka ndani siku tatu na bado bichi. Nimepika maandazi, nimekula manne, sijamwambia mtu. Nina raha zangu.

Nilikuwa na raha, niseme. Kisha kikao.

Kamati ya jumuiya yetu Watanzania wa hapa Xiaobei ni watu saba. Tunakaa kwa Abdulwakil, ghorofa ya nane, katikati ya marobota ya majinzi anayopeleka Dar. Yeye mwenyekiti, mie katibu. Ajenda ilikuwa moja: tangazo lililobandikwa chini karibu na lifti. Kuanzia Juni mosi malori hayatasimama kichochoroni nyuma ya jengo letu baada ya saa nne asubuhi. Saa nne! Mizigo tunainunua masoko ya Sanyuanli na Liuhua mchana, inatufikia alasiri. Tutaipakia wapi, vichwani?

Nikasema nitakwenda ofisi ya mtaa kuongea nao, kama siku zote. Ndipo Medard akakohoa. Medard mhazini, Mhaya, anasomea uzamivu wa uchumi chuo kimoja hapa, kwa Kiingereza. Akasema ofisi ya mtaa haina nguvu, amri imetoka juu, na huko juu anatakiwa mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Lobisti. Kuna mstaafu mmoja, Bwana Guo, kafanya kazi serikalini jimboni miaka thelathini, anajua mlango upi na meza ipi. Tumlipe kwa mwezi atusemee. Eti hata halmashauri za miji huko duniani zinaajiri watu wa kuwasemea serikalini, itakuwa sisi?

Akamalizia: Dada Swalha amejitahidi sana.

Amejitahidi. Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtoto aliyefeli.

Nikaandika kwenye muhtasari: mjumbe alipendekeza. Mwandiko wangu ukatoka mzuri kuliko siku zote.


Jumanne, 15 Aprili

Nisijidanganye, nimeumia.

Miaka tisa mie ndiye mdomo wa Watanzania mtaa huu. Mtu kapoteza pasipoti — Swalha. Mwanafunzi kachelewa kujiandikisha polisi — Swalha. Mama kalazwa, hamwelewi daktari na daktari hamwelewi yeye — mwiteni Swalha. Sijapewa hata nauli, wala sijaomba. Kulalamika nalalamika, kila wiki, kwamba nimechoka, tafuteni mtu mwingine. Sasa wamenisikia, nimenuna. Mwanadamu ana vituko.

Sufian kapiga kutoka Unguja. Nikamweleza yote mume wangu, nikatarajia anionee huruma. Akacheka. Kasema, si ulikuwa unataka kupumzika? Nikamjibu kupumzika nataka, kupumzishwa sitaki. Akaniuliza nimekula nini leo. Anajua kunizungusha huyu, miaka ishirini na miwili sasa.

Yale maonyesho makubwa ya biashara yameanza, mji umefurika. Nimeuza mapazia kontena nusu kwa mama wa Mombasa, mtu mcheshi. Siku nzuri kwa jumla.


Jumamosi, 19 Aprili

Mzee Vuai kaja dukani, kakaa juu ya robota langu la mapazia, kanywa chai vikombe viwili. Vuai wa Makunduchi, muuza vipuri vya pikipiki, ndiye mkubwa wetu kwenye kamati. Nilidhani kaja kuniunga mkono. Wapi. Kalitafakari jambo na kaliona zuri, ila Medard kalikosea jina.

Kasema, huyo si lobisti, huyo mshenga. Anakwenda kwa watu kwa niaba yako, anasema maneno mazuri, akitukanwa anatukanwa yeye, anarudi na jibu. Tofauti yake ni kwamba mshenga haajiriwi. Mshenga anaombwa. Kwa heshima, kwa sinia.

Nikamwambia hewala, mzee, kwa sababu lilinichekesha. Hapo ndipo nilipokosea. Ningemwambia pale pale kwamba hapa si Makunduchi.


Jumatatu, 21 Aprili

Jana hapakuwa na kikao kwa ajili ya Pasaka. Medard kaniletea kipande cha keki kwenye kopo. Keki laini, ina maganda ya chungwa. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Bwana Guo anakuja Jumatano tumwone. Kura Jumapili.


Jumatano, 23 Aprili

Niandike kabla sijasahau, ingawa sidhani kama nitasahau.

Bwana Guo kaja saa tisa kamili. Mwembamba, shati jeupe, begi la kitambaa mkononi lenye chupa ya chai. Wajumbe wote tumevaa vizuri. Abdulwakil kajipulizia manukato mpaka Mchina wa watu kapiga chafya. Tumekaa. Salamu zimetafsiriwa, na mie, nani mwingine.

Kisha Mzee Vuai kasimama, kaingia nyuma ya marobota, katoka na sinia. Sinia la posa kabisa! Limefunikwa kitambaa cha kufuma. Chini yake haluwa ya nyumbani iliyokuja na abiria wiki iliyopita, udi, kikoi kipya. Na juu ya yote, bahasha ya kufungulia mlango, kama inavyotakiwa, maana mshenga hafungui kinywa mpaka afunguliwe mlango. Ila dukani bahasha alizopata zilikuwa nyekundu tu, zenye maandishi ya dhahabu, zile Wachina wanazotilia pesa. Na Medard, ili kundi letu la WeChat lisikose kitu, keshainua simu anachukua video.

Nikamtazama Bwana Guo. Masikio yamemwiva. Mtu wa serikali miaka thelathini, kaitwa chumbani kwa watu wa nchi za nje, kasogezewa bahasha nyekundu, mbele ya kamera. Kainuka. Mikono kaiweka nyuma, kabisa, kama mtu aliyeambiwa asiguse rangi mbichi. Kasema hapana, haiwezekani, mara mbili, kwa sauti ndogo. Kachukua begi lake kwa vidole viwili, katoka.

Vuai kauliza, kwani ni kidogo?

Nikamkimbilia. Mie, niliyekuwa namwombea aondoke, nikamkimbilia na viatu vya kisigino. Nikaingia naye kwenye lifti. Kutoka ghorofa ya nane mpaka chini nimemweleza mshenga ni nani: kwetu mwanamme akitaka kuoa haendi mwenyewe, anatuma mtu, na mtu huyo hafungui mdomo kabla ya bahasha, si rushwa, ni adabu, na yule mzee hajui kingine, na kijana wa simu ni mjinga wa shule. Nilisema yote bila kuvuta pumzi. Ghorofa ya tatu akaanza kutabasamu. Chini tukafika anacheka, kashika ukuta. Kumbe shangazi yake huko Shunde alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo, kuunganisha watu, na ndoa ikifungwa analetewa mguu wa nguruwe. Kaniuliza nyie mnatoa nini. Nikasema sisi tutakupa wa mbuzi.

Kasema bahasha hawezi kuigusa. Ikiwa tunataka kumwajiri, tuandikiane mkataba, basi. Nikasema nitawaambia.

Kisha kaniuliza: huwa nani anakwenda maofisini kuwasemea? Mimi. Tangu lini? Miaka tisa. Na nani? Peke yangu. Akaitikia kwa kichwa. Akageukia lile tangazo ukutani, kavaa miwani, kalisoma lote hadi chini kabisa, na kidole juu ya karatasi. Kaniuliza, barua yenu mmeshapeleka?

Barua gani?

Kanionyesha mstari wa mwisho, herufi ndogo. Mwenye maoni ayalete kwa maandishi, kwa mkono, kituo cha huduma cha wilaya, mwisho tarehe 27. Baada ya hapo amri inapita kama ilivyo.

Tangazo hilo nimelipita mara mbili kila siku kwa wiki tatu.


Alhamisi, 24 Aprili

Lazima niliandike hili hata kama hakuna atakayelisoma. Kichina nilikiokota sokoni kwa masikio. Kusema nasema, nagombana, natania, wauzaji wa Sanyuanli wananiita Sha-jie, dada Sha. Kusoma nasoma bei na namba za simu. Lile tangazo nilisomewa na mlinzi wa jengo, naye kanisomea kichwa cha habari. Miaka tisa nimeingia kwenye maofisi kwa mdomo mtupu, na walikuwa wananipenda, kwa hiyo haikuonekana.

Nimeona aibu mchana kutwa. Jioni ikanipungua, nikala tambi kwa Mhui, Mchina Mwislamu wa pale chini, akaniongezea nyama bila kuombwa.

Nimeanza barua. Naiambia simu kwa Kichina, simu inaandika herufi. Nimesema mizigo inafika saa ngapi, watu wangapi, wapagazi wa Kichina wangapi wanaokula kwa kazi hiyo. Tunaomba muda wa saa mbili tu kila alasiri. Simu imeandika kurasa mbili. Sijui imeandika nini, ila naiamini kiasi.


Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Pilau ya watu themanini, masufuria mawili, mgahawa mzima wetu. Medard kacheza mduara vibaya mpaka Mzee Vuai kalia kwa kicheko. Bahasha yake Vuai kaichangia kwenye vinywaji na anamwambia kila mtu kwamba yule Mchina ni mtu safi, kakataa pesa! Sasa anamtaka kwa moyo wote. Abdulwakil kageuka, hamtaki tena, eti mtu aliyekimbia sinia atakimbia na maofisini. Nimehesabu vichwa wakati wa kula. Watatu wanamtaka, watatu hawamtaki. Na mimi.

Katikati ya pilau ndo nikashtuka. Kesho ni tarehe 27. Tena kesho Jumapili, nani kafungua? Nikamuuliza mwenye mgahawa. Kasema Jumapili hii watu wa ofisi wanafanya kazi, wanailipia likizo ya Mei Mosi. Nikamshukuru Mungu. Wachina wanakopa siku na kuzirudisha, sisi tunazikopa tu.

Nikamwambia Abdulwakil asogeze kikao. Kakataa: wajumbe wametangaziwa, wengine wanafunga maduka kwa ajili ya kikao. Wewe nenda na barua yako, Katibu, kura utapiga kwa simu.

Barua yako, kasema. Nimetembea kurudi nyumbani kwa furaha kubwa na sijui ya nini. Pilau, labda.


Jumapili, 27 Aprili

Naandikia gotini. Kituo cha huduma, viti vya chuma, kiyoyozi kikali, nimejitanda ushungi mara mbili. Namba yangu 63. Ubao unasema 58. Wanapokea hadi saa kumi na moja, sasa saa tisa na robo. Muda upo.

Nimefika nikamkuta Bwana Guo kakaa. Begi lake, chupa yake. Hakuna aliyemwita. Mkataba hana, kura bado. Nikamuuliza umekuja kufanya nini. Kasema nyumbani kwake pana mjukuu anayejifunza fidla.

Kaiomba barua. Nikampa, roho upande. Kaisoma taratibu, kalamu mkononi. Ukurasa wa kwanza kabadilisha herufi mbili. Ukurasa wa pili kasimama, kaanza kutetemeka mabega. Simu imeandika kwamba sisi Watanzania tunaomba kupakiwa kichochoroni kila siku alasiri. Sisi wenyewe, si mizigo. Nimecheka hadi mama wa kiti cha mbele kageuka. Kairekebisha. Ule mstari wa wapagazi kaupigia alama pembeni, kasema huu ndio utakaosomwa, wewe umeujuaje? Nikasema nawajua kwa majina, na watoto wao. Kasema yeye asingeuandika.

60. Mtu wa dirisha la pili kaniona, kanipungia. Sha-jie, umekula? Nimekula.

Simu. Abdulwakil: Tatu kwa tatu, Katibu. Tunakusubiri wewe. Chini yake Vuai katuma sauti, na kelele za vikombe nyuma: Swalha mwanangu, mwite mshenga wetu nyumbani. Chini yake tena Medard: Dada, sisi tulitaka upumzike kidogo, si vingine. Hili nimelisoma mara tatu. Sikulijua. Angesema hivyo siku ile.

61.

Nimwandikie nini Abdulwakil? Nikisema ndiyo, kuanzia kesho ataitwa Bwana Guo kwanza, na mie nitakuwa mtu wa kufasiri salamu. Nikisema hapana, tangazo jingine litabandikwa karibu na lifti na nitalipita mara mbili kwa siku. Nilitaka swali jepesi zaidi ya hili kwa Jumapili yenye pilau ya jana tumboni.

Bwana Guo kauliza nani anaandika sana hivyo. Nikasema watu wangu, hawajakubaliana. Kasema, vizuri, watu wakikubaliana haraka kuna mmoja hakusikilizwa. Kanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Chungu, moto, nzuri.

62. Simu inaita. Abdulwakil.

63. Bwana Guo keshasimama. Mikono kaiweka nyuma, kama siku ile ya bahasha. Barua iko kwenye kiti, kati yangu na yeye, na ananisubiri niichukue mie. Simu inaita tena.